Daftari la Mkojo la Siku Tatu: Mwongozo Kamili kwa Mwenye Shida ya Tezi Dume na Anayemsaidia

Madaftari mengi ya mkojo yanayorudishwa kliniki hapa Tanga hayafai kutumika, na wazee wenyewe si wazembe. Mtu amepewa karatasi, kaambiwa "andika kila unapokojoa", basi. Siku ya kurudi, yumo kwenye daladala kutoka Pongwe, anakumbuka. Anaomba kalamu kwa jirani wa kiti na kujaza siku tatu kwa mpigo mmoja.

Daftari la namna hiyo linajulikana hata kabla ya kusomwa. Kila namba ni 200, wino ni mmoja, na karatasi ni safi kama cheti cha ndoa. Daktari analipokea kwa adabu, halafu analiweka kando.

Mwongozo huu ni wa mzee aliyeingia kwenye utafiti wa kufuatilia wagonjwa, yaani ule unaompima leo, unampima tena matibabu yakianza, na kumpima tena baada ya miezi. Utafiti wa aina hii hauna thamani yoyote kama mambo hayaandikwi pale yanapotokea. Anayehudhuria kliniki tu bila utafiti naye atafaidika, kwa kuwa daftari ni lile lile. Mtoto, mke au mjukuu anayemsaidia asome pia. Mara nyingi yeye ndiye atakayeshika kalamu.

## Hali zisizosubiri daftari

Usijaze chochote, nenda hospitali, ikiwa:

- mkojo umegoma kabisa na tumbo la chini limejaa na linauma;
- kuna homa na kutetemeka;
- mkojo unatoka na mabonge ya damu;
- mgonjwa ana saratani ya tezi dume na sasa mgongo unamuuma kuliko zamani, miguu inalegea au inakufa ganzi, au ameshindwa kuzuia haja. Huenda uti wa mgongo umebanwa. Hilo ni jambo la siku hiyo hiyo, kwa sababu kuchelewa kunaweza kumfanya asitembee tena.

Aliyewekewa mpira wa mkojo naye hajazi daftari hili. Yeye atafuata maelekezo ya kupima mfuko.

Tena jambo moja ambalo watu hulikosea sana: daftari halitambui saratani. Saratani nyingi za tezi dume huanzia sehemu ya nje ya tezi, mbali na njia ya mkojo. Mtu anaweza kuwa nayo na bado akakojoa vizuri kabisa. Na kuna wengi wanaoamka mara nne usiku ambao hawana saratani. Kwa hiyo daftari likitoka zuri, usiache kwenda kupima PSA, yaani kipimo cha damu cha tezi dume, na kuchunguzwa na daktari.

## Vifaa

- Jagi la plastiki la lita 1 lenye alama za mililita, la mkojo peke yake. Lifunge uzi mwekundu kwenye mkono wake, lisije likaingia jikoni.
- Jagi la pili, au bilauri iliyokwisha pimwa, kwa vinywaji.
- Daftari dogo na kalamu mbili. Moja ifungwe kwa uzi kwenye daftari.
- Saa au simu.
- Tochi ya usiku.
- Chombo cha mdomo mpana chenye mfuniko, cha kutoka nacho.
- Orodha ya dawa zote anazotumia, za presha na sukari zikiwemo.
- Mzani mdogo wa jikoni, kwa anayevaa pedi tu.

## Hatua ya 1: Lipime jagi lenyewe

Nunua chupa ya maji ya mililita 500 ambayo haijafunguliwa. Mimina yote ndani ya jagi lililowekwa mahali palipo sawa. Maji yafike kwenye alama ya 500, au karibu kabisa.

Majagi ya bei rahisi yana alama zilizochorwa kwa kukisia. Kama maji yamepita au yamepungua sana, chora alama zako kwa kalamu ya wino usiofutika, au tafuta jagi lingine. Jagi moja litumike siku zote tatu. Likibadilika katikati, namba za leo na za jana hazilinganishiki tena.

## Hatua ya 2: Chagua siku

Siku tatu zinatosha, wala si lazima zifuatane. Siku moja iwe ya mapumziko, nyingine ya kazi au mihangaiko ya kawaida. Usichague siku ya harusi, msiba, wala safari ya Dar.

Ramadhani usiianze, isipokuwa watafiti wenyewe wamesema. Mfungaji hanywi mchana na hunywa sana usiku, kwa hiyo namba zitaonyesha ratiba ya futari na daku, ugonjwa usionekane. Anayefunga Jumatatu na Alhamisi aziruke siku hizo, au aandike wazi "nilifunga".

Wengine hupunguza maji ili daftari lao lipendeze. Kunywa kama ulivyozoea. Kwa joto la Tanga, anayejinyima maji atakojoa kidogo tena mkojo wa rangi nzito, na daktari atapata picha ya mtu mwingine.

## Hatua ya 3: Kubalianeni kuhusu saa

Hapa ndipo data nyingi za pwani zinapopotelea. Mzee anasema "niliamka saa nane", mjukuu anaandika 8:00, karani kliniki anaingiza saa mbili asubuhi. Mkojo wa usiku wa manane umegeuka wa mchana, na mzee kwenye hesabu ameonekana kulala fofofo.

Amueni kabla ya siku ya kwanza. Njia salama ni kuandika kama simu inavyoonyesha, kwa mfumo wa saa 24. Saa nne na robo usiku ni 22:15. Saa nane usiku ni 02:00. Mzee asiyependa hesabu hizo aandike saa za Kiswahili, lakini juu ya kila ukurasa yaandikwe maneno "SAA ZA KISWAHILI", na kila saa ifuatwe na "usiku", "alfajiri", "asubuhi", "mchana" au "jioni". Mifumo miwili isichanganyike ndani ya daftari moja hata kidogo.

Siku nazo zina mtego wao. Kwa wazee wetu wengi "usiku wa Ijumaa" ni ule wa kuamkia Ijumaa. Kwenye fomu, usiku huo ni wa Alhamisi. Dawa yake ni kuacha kuhesabu kwa jua au kwa kalenda, mkahesabu kuanzia kuamka hadi kuamka: siku ya 1 inaanza mzee anapoamka na kukojoa mkojo wa kwanza, inaisha anapokojoa wa kwanza kesho yake. Andika Siku ya 1, Siku ya 2, Siku ya 3, na tarehe pembeni.

Mkojo ule wa kwanza kabisa, asubuhi ya Siku ya 1, usiuhesabu. Ni wa usiku uliopita. Andika saa uliyokojoa tu, halafu anza.

Utajua mmeelewana ukimuuliza mzee na mjukuu, kila mmoja peke yake, "saa kumi alfajiri inaandikwaje?", nao wakajibu sawa: 04:00.

## Hatua ya 4: Chora safu

Kama umepewa fomu, tumia fomu hiyo hiyo bila kuongeza wala kupunguza. Kama hukupewa, chora safu tano: saa, kiasi cha mkojo, ulibanwa au hukubanwa, ulivuja au hukuvuja, ulichokunywa na kiasi chake. Chini ya kila siku acha mistari miwili: "nilijilaza saa ngapi" na "niliamka saa ngapi", pamoja na dawa na saa zilipomezwa. Vidonge vya kupunguza maji mwilini, ambavyo wengi wa presha hupewa, hubadilisha kabisa sura ya siku, na bila saa ya kuvimeza namba hazisomeki. Usihamishe saa ya dawa kwa ajili ya daftari.

Juu ya daftari andika namba uliyopewa na utafiti, jina usiandike. Na tafadhali, watoto, msipige picha ukurasa wa baba na kuutupia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Mzee akiaibika leo, kesho hataandika.

## Hatua ya 5: Kojoa, pima, andika, mwaga

Kwa mpangilio huo. Ukimwaga kabla ya kuandika, namba itakutoka kati ya chooni na sebuleni.

Kojolea moja kwa moja ndani ya jagi. Kama miguu haina nguvu, kaa kwenye kigoda. Weka jagi sakafuni mahali palipo sawa, inamisha macho yawe usawa wa alama, soma. Kukadiria hadi mililita 25 za karibu kunatosha. Hakuna anayetaka 237.

Maji ya istinja yasiingie ndani ya jagi. Pima kwanza, mwaga, ndipo ujisafishe. Nimeona daftari la mzee mwenye shida kubwa ya kukojoa likionyesha mililita 600 kila mara, kumbe nusu yake ni maji ya kopo. Jagi lisuuzwe na kukaushwa. Maji yaliyobaki chini nayo huhesabika.

Mambo yatakayotokea tu:

- Umekwenda haja kubwa na mkojo ukatoka humo humo. Andika saa, kisha "haukupimwa".
- Uko sokoni Ngamiani au msikitini na huna chombo. Andika saa, "haukupimwa".
- Umesahau kabisa. Andika "nilikojoa, sikumbuki saa".

Usikisie. Pengo lililoandikwa wazi kuwa ni pengo, mtakwimu wa utafiti anajua la kufanya nalo. Namba ya kubuni hana njia ya kuitofautisha na ya kweli, nayo huenda ikaamua dawa ya mtu mwingine.

Anayevaa pedi kwa kuvuja, hasa baada ya upasuaji wa tezi: pima pedi kavu kwenye mzani, pima iliyolowa, toa. Gramu 1 hesabu mililita 1. Iandike kwenye safu ya kuvuja, usiichanganye na mkojo wa jagi.

## Hatua ya 6: Vinywaji

Pima vyombo vyako mara moja tu, kabla ya Siku ya 1. Bilauri ya nyumbani inabeba kiasi gani? Kikombe cha chai? Kikombe cha kahawa cha barazani ni kidogo mno kukipima peke yake, basi mimina vitano ndani ya jagi la vinywaji, ugawe kwa tano. Baada ya hapo unaandika "chai kikombe 1, 250", umemaliza.

Dafu limimine ndani ya jagi kwanza, kwa sababu hakuna mawili yanayolingana. Uji, supu na juisi ya machungwa ya Muheza vyote ni vinywaji. Chungwa la kumenya na kipande cha tikiti usivipime, vitaje tu.

Chai ya usiku na kahawa iandike kwa saa yake. Wengi huapa kuwa hawanywi kitu baada ya magharibi, kisha daftari linaonyesha vikombe vinne barazani.

## Hatua ya 7: Usiku

Hii ndiyo sehemu yenye maana kuliko zote, na ndiyo inayoharibika zaidi. Tayarisha kabla ya kulala: jagi, tochi, daftari lililofunguliwa ukurasa wenyewe, kalamu juu yake. Mzee mwenye macho mabovu apewe kalamu ya wino mzito.

Kila mkojo uandikwe peke yake. Usikojolee mara tatu kwenye kopo moja ukapima asubuhi. Jumla itakuwa sahihi, lakini mara ngapi na kiasi gani kila mara vitakuwa vimepotea, na hivyo ndivyo daktari anavyovitafuta.

Weka alama ya kukuonyesha kilichokuamsha. Andika M kama mkojo ndio uliokuamsha. Andika N kama uliamka kwa jambo jingine, mbu, joto, mjukuu analia, ukaona uende tu. Mara mbili za M na mara mbili za N haziponywi kwa dawa moja.

Alfajiri inaleta ubishi. Kanuni ni nia yako. Ukiamka kwa adhana, ukakojoa, ukaswali na hurudi tena kulala, huo ni mkojo wa kwanza wa asubuhi, na siku mpya imeanza. Ukiwa umedhamiria kurudi kitandani, basi usiku wako haujaisha. Uhesabu mkojo huo na wa usiku, na wa kwanza wa asubuhi utakuwa ule wa kuamka mara ya pili.

Mvuvi wa Sahare au Tongoni anayelala mchana afuate usingizi wake mkuu, giza asilifuate. Kwake "usiku" unaweza kuwa saa tatu asubuhi mpaka saa tisa alasiri. Aandike hivyo juu ya ukurasa.

Onyo: ukiwa na kizunguzungu unaposimama, kaa kitandani dakika moja kwanza. Baadhi ya dawa za kulegeza njia ya mkojo hushusha presha mtu anaposimama ghafla. Daftari lisimvunje mtu nyonga.

## Hatua ya 8: Hesabu nne

Hesabu hizi zinaweza kuachiwa kliniki, lakini aliyezifanya nyumbani huingia kwa daktari na swali la maana. Kwa kila siku tafuta:

1. Jumla ya mkojo wote, kuamka hadi kuamka.
2. Mara ngapi mkojo ulikuamsha (zile M).
3. Mkojo mkubwa kuliko yote kwa mara moja.
4. Mkojo wa usiku: zote za baada ya kujilaza, pamoja na ule wa kwanza wa asubuhi.

Ule wa asubuhi unaingia kwenye namba 4 kwa kuwa figo ziliutengeneza ukiwa umelala, ingawa hauingii kwenye hesabu ya kuamshwa.

Chukua mzee huyu wa mfano. Alijilaza 22:00. Mkojo ulimwamsha 00:40 akatoa 250, na 03:10 akatoa 300. Saa 05:00 aliamka moja kwa moja, akatoa 350. Mkojo wa usiku ni 900. Jumla ya siku nzima ni 1,900. Gawa 900 kwa 1,900, zidisha kwa 100, unapata kama 47%.

Kwa mtu aliyevuka miaka 65, zaidi ya 33% huhesabiwa kuwa figo zinatengeneza mkojo mwingi mno usiku. Mzee huyu anakojoa mikojo mizuri na mikubwa. Kibofu chake kinabeba. Kumpa dawa ya tezi dume pekee na kungoja muujiza ni kumpotezea muda. Daktari atatazama miguu iliyovimba mchana, ambayo maji yake hurudi kwenye damu mtu akijilaza. Atauliza kuhusu moyo, chumvi, mkoromo wa kukatika pumzi, kahawa ya usiku, na saa ya kidonge cha kupunguza maji.

Sasa mwingine: anaamka mara tano, kila mara 60, 80, 100, na jumla yake ya usiku ni ndogo. Huyu figo zake hazina neno. Kibofu ndicho kisichobeba, au hakimalizi. Wote wawili wangesema barazani "naamka usiku kucha", na bila daftari wangepewa vidonge vile vile.

Jumla ya siku ikipita mililita 40 kwa kila kilo ya uzito wako (mtu wa kilo 70, ni 2,800), sema uangaliwe sukari pamoja na unywaji wako. Usijitibu kwa namba hizi. Zipeleke.

## Hatua ya 9: Fomu ya maswali na damu ya PSA

Utafiti mwingi utakupa pia fomu ya IPSS, ya kupima ukali wa dalili za tezi dume. Ina maswali 7 ya mwezi uliopita, kila moja 0 hadi 5. Jumla 0 hadi 7 ni dalili nyepesi, 8 hadi 19 za kati, 20 hadi 35 kali. Swali la 8, la 0 hadi 6, linauliza jinsi unavyojisikia kuishi hivyo. Mtoto asijibu kwa niaba ya baba. Asome swali kama lilivyoandikwa, anyamaze, asubiri. Wazee wengi mbele ya mtoto wa kike husema "nzuri tu, mwanangu", basi atafutwe mtu mwingine wa kumsomea.

Kwa damu ya PSA: siku mbili kabla, acha tendo la ndoa na acha kuendesha baiskeli kwa nguvu, ingawa najua ni mtihani katika mji wetu. Kama karibuni ulikuwa na maambukizi ya mkojo, au mkojo uligoma ukawekewa mpira, sema kabla sindano haijaingia; kipimo hupanda bila saratani na huenda kikaahirishwa kwa wiki kadhaa. Anayemeza finasteride, dawa ya kunywesha tezi dume iliyovimba, naye aseme. Baada ya miezi sita hivi dawa hiyo hushusha PSA kwa karibu nusu, na namba nzuri inaweza kumdanganya daktari asiyejua.

## Hatua ya 10: Rudisha, na ukubali la pili

Piga picha kurasa zote kwa ajili yako kabla ya kukabidhi. Mpe mhudumu mkononi, umwonyeshe yale mapengo, usiyafiche. Akitaka kukujazia kwa kukuuliza, kataa kwa upole.

Utaombwa daftari la pili baada ya wiki au miezi. Watu wengi hukataa hapa: aliyepona haoni haja, na ambaye hakupona amekasirika. Uingereza, utafiti wa ProtecT uligawa wanaume 1,643 wenye saratani ya tezi dume ambayo haijatoka nje ya tezi katika makundi matatu: upasuaji, mionzi, na kufuatiliwa kwa karibu. Miaka 15 baadaye waliokufa kwa saratani hiyo walikuwa 45, na makundi hayakupishana sana. Palipopishana ni maisha ya kila siku. Waliopasuliwa ndio walioripoti kuvuja mkojo zaidi. Hilo lilijulikana kwa kuwa wanaume wale waliendelea kujaza fomu zao mwaka baada ya mwaka, wazima na wagonjwa.

Daftari la pili lijazwe kwa jagi lile lile, mfumo ule ule wa saa, na aina zile zile za siku. Kama la kwanza lilikuwa na siku moja ya mapumziko na mbili za kazi, la pili liwe hivyo. Usifungue la kwanza kulitazama unapojaza. Mkono hufuata namba za zamani.

Kushiriki ni hiari. Ukichoka unaweza kujitoa siku yoyote, na matibabu yako ya kawaida hayapaswi kuguswa. Ukijitoa, toa taarifa na uwarudishie kurasa ulizokwisha kujaza kama umeridhia zitumike. Hata siku moja na nusu iliyoandikwa kwa wakati wake inasomeka.